Mwaka Watani Waliponyamaza

Mwezi uliopita tulimzika mzee Mbawala pale Nachingwea, na mimi nilitoka Ruangwa asubuhi na mapema kwenda kumtukana. Yeye alikuwa Mngoni, mimi ni Mmwera, na Mngoni akifa sisi watani wake hatuendi msibani kulia tu. Nilipofika nilijilaza katikati ya njia, na magoti yangu haya mabovu, nikawaambia waliobeba jeneza kwamba hapiti mtu mpaka nipewe kuku, kwa sababu mtumwa wetu huyu ametoroka kazi bila kuaga. Wanawe walicheka huku machozi yanawatoka. Kijana mmoja aliyekuja na basi la Dar es Salaam aliniinamia akaninong'oneza, "Bibi, unazingua. Watu wana msiba hapa." Binti wa marehemu akamwambia amwache bibi afanye kazi yake. Nikapewa kuku wangu, nikainuka, nikajipangusa vumbi, jeneza likapita. Yule kijana alinitazama siku nzima kwa jicho la pembeni, na sikumlaumu. Hajawahi kuona mazishi ambayo watani wamekuja wakakaa kimya. Mimi nimeyaona, na aliyekuwa anazikwa ni mama yangu.

Ulikuwa ni mwaka ambao baba aliondolewa kwenye Baraza la Mawaziri. Nyumbani kwetu tunauita mwaka ule tu, na hakuna anayeuliza upi. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Baba alikuja Ruangwa kwa siku za Idd kama alivyozoea, na gari la wizara na dereva wake, mtu mpole aliyekula nasi mezani kwa sababu mama hakupenda mgeni ale peke yake. Tulikuwa tunakula pilau mchana. Redio ilikuwa juu ya kabati la vyombo, na juu ya redio, ukutani, ilitundikwa picha kubwa ya Baraza zima, Rais ameketi katikati, baba amesimama safu ya nyuma akiwa amebana midomo. Mtangazaji akasema Rais amefanya mabadiliko katika Baraza la Mawaziri, akaanza kusoma. Watu wengi hudhani waziri huambiwa kabla. Labda wengine huambiwa. Baba alijua kwa namna ile ile tuliyojua sisi, kwa kusikiliza jina lake lisitajwe. Wizara yake ilipofika, likasomwa jina la mtu mwingine. Aliendelea kutafuna. Alisikiliza mpaka naibu waziri wa mwisho, kisha akasema, "Huenda wamenipangia ubalozi." Dereva alikuwa na tonge mkononi, na nilimwona hajui alile au alirudishe, kwa kuwa hakujua tena yuko kwa nani. Mama akamwambia, "Kula, mwanangu. Pilau haijaondolewa." Alasiri dereva akaomba ruhusa, akaondoka na gari, na uwanja wetu ukaonekana mpana kupita kiasi.

Nilikwenda jikoni kusaidia vyombo nikamkuta mama anazungumza na jirani yetu Bi Hadija, mwanamke aliyejua siri zote za nyumba ile. Walikuwa wamenipa mgongo. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, Mungu anisamehe. Wamenirudishia." Bi Hadija akamuuliza wamemrudishia nini. "Mume," mama akasema, na mabega yake yakatikisika, na mpaka leo siwezi kusema kama alikuwa anacheka au analia. Kwa miaka yote ya uwaziri baba alikaa Dar es Salaam na mama alikaa Ruangwa na mikorosho yake, akimwona mumewe kwenye sikukuu na kwenye magazeti. Niliwaachia vyombo vyao nikatoka. Niliona aibu kwamba mama ana furaha, na nilipozidi kuwaza nikaona aibu kwamba nimeona aibu.

Kesho yake watu walianza kuja na mikeka. Walitoka mjini, wakatoka na vijijini, wengine hata Marambo, ambako ni upande wa pili wa Nachingwea. Wanawake walikuja na unga kwenye masinia na kuni kichwani, wakatandika barazani wakakaa chini na kanga zao mabegani. Wanaume walikaa uwanjani, wakazungumza kwa sauti za kufifia. Kila aliyeingia alimshika mama mkono akasema, "Pole kwa msiba." Msomaji wa mbali atadhani ni kejeli, na baba ndivyo alivyodhani. Lakini kwetu nyumba ya mtu ikiungua tunakwenda na mikeka, na ng'ombe wa mtu wakifa tunakwenda. Na uwaziri ule watu hawakuuhesabu kuwa wa baba. Ulikuwa wao. Ni wao waliokuwa na waziri, wakimtaja mbele ya watu wa mikoa mingine, wakimwita waziri wetu hata waliokuwa hawajawahi kumwona. Sasa wamefiwa, na walikuja kulia kwenye nyumba alimokuwa akiishi marehemu. Bi Hadija alishawasha moto nyuma ya nyumba, na kisamvu kilikuwa kinachemka. Baba alikuwa chumbani, mlango umefungwa, akiuliza kwa sauti kila mara nani amewaita watu hawa.

Mbawala alifika kabla ya chakula. Wakati huo alikuwa bado mtu wa makamo, mwenye bucha pale Nachingwea, na yeye na baba walikuwa wametukanana kwa upendo tangu ujana wao. Hata siku za uwaziri, mbele ya wakuu wa wilaya na polisi waliosimama wima, Mbawala alikuwa akipenya akamwambia baba kwamba babu yake alimteka babu yetu akamwachia kwa sababu hakuwa na faida, na baba alikuwa akicheka mpaka anashika tumbo. Siku ile alivaa koti aliloligeuza ndani nje, tai amejifunga kipande cha gunia, na nyuma yake Wangoni wenzake wanne walibeba kiti kitupu kilichofunikwa shuka jeupe, wakitembea pole pole kama watu wenye maiti. Wanawake walipokiona kile kiti wakaanza kuguna. Mbawala akakitua katikati ya uwanja, akakohoa kama baba anavyokohoa kabla ya kusoma hotuba ya bajeti, akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kusoma wasifu wa marehemu. Marehemu Uwaziri alizaliwa Ikulu, akalelewa bungeni, akanenepea Dar es Salaam, na amefariki jana mchana redioni akiwa anakula pilau. Ameacha mjane mmoja. Naye ni mume wa Mama Somoe." Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, na mimi, Somoe mwenyewe niliyetajwa, nilicheka mpaka nikaketi chini.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Baba alitakiwa atoke nje, amrudishie Mbawala tusi moja zuri, atoe kuku, akae kwenye mkeka na watu wake, ale ugali na kisamvu. Watu wangelia kidogo, wangecheka tena, na jioni wangekunja mikeka yao wakaenda, na yeye angeamka siku ya pili akiwa mtu wa Ruangwa. Njia ilikuwa imeshatengenezwa. Baba alitoka. Alikuwa amevaa kaunda suti ya kijivu, ile ya vikao, na viatu vimeng'arishwa. Akasimama barazani akasema, "Mimi sijafa. Kunjeni mikeka yenu muondoke uwanjani kwangu." Watu wakadhani anaingia kwenye mchezo, wengine wakacheka. Mbawala naye akarudia sauti yake ya hotuba, "Marehemu anasema hajafa. Ndiyo kawaida yao wote." Ndipo baba akashuka ngazi, akamnyooshea kidole, akamwambia, "Wewe muuza nyama. Unajua unaongea na nani?"

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi uwanja ulivyokuwa baada ya maneno hayo. Mtani huulizwa mambo yote duniani, lakini haulizwi hilo. Mbawala akavua lile koti, akaligeuza likakaa sawasawa, akalikunja juu ya mkono. "Nisamehe, Mheshimiwa," alisema. "Nilidhani naongea na mtani wangu." Akawapa ishara wenzake, wakabeba kiti chao wakaondoka, na shuka lilikuwa linaburuzika vumbini bila mtu kulikusanya. Wanawake walikunja mikeka wakiangalia chini. Unga waliuacha, maana unga wa msiba haurudishwi, na mama akabaki amesimama katikati ya masinia yale kama mtu aliyeachiwa watoto wa wenyewe. Tulikula unga ule mpaka mvua za kwanza.

Kisha ikaanza ile subira ya baba. Kila asubuhi alioga, akavaa, akaketi sebuleni chini ya ile picha, redio mkono wa kulia. Kaunda suti ya kijivu mama aliipiga pasi ya mkaa kila wiki kwa amri yake, maana mtu anaweza kuitwa wakati wowote, na haifai kuapishwa na nguo ina mikunjo. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyekuwa akija kukaa naye, na baba alimfundisha historia ya Baraza la Mawaziri tangu uhuru, yote kutoka kichwani. Nami nilikuwa nachambua choroko kwenye korido nikisikiliza. Alijua Ushirika ulikuwa wapi kabla ya kuunganishwa na Kilimo na ulikwenda wapi ulipotolewa. Alijua Maji yalikaa na nani na kwa nini yaligombana na Nishati. Hakutaja watu kwa majina, aliwataja kwa wizara zao, na kwa muda mrefu nilidhani Ujenzi ni mtu mfupi mwenye kipara. Alikuwa akinyanyuka, anagusa kioo cha picha kwa kidole: huyu alitupwa nje, akakaa, akarudishwa na wizara kubwa zaidi. Huyu alipelekwa mkoani, watu wakamsahau, leo yuko wapi? Yumo. Siku moja mwalimu alimuuliza kwa adabu, "Na wale ambao hawakurudi, Mheshimiwa?" Baba akafikiri. "Wale walikwenda kulima," akasema. "Ukishika jembe wanakuona umeridhika."

Kwa hiyo hakushika jembe. Mikorosho ilipotaka kupulizwa dawa ya salfa, mama alijifunga kitambaa puani akaipuliza yeye na vibarua, na kikohozi chake nadhani kilianza hapo, ingawa hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Nikiwa mtu mzima nimejaribu kumwonea baba huruma kwa ajili ya historia yake ile, kwa sababu haikuwa na uongo. Wote aliowataja walirudi kweli. Ila alihesabu waliorudi tu, na waliobaki nje, ambao ndio wengi, hakuna anayekaa sebuleni kuwasimulia. Nina hasira naye hata leo, na amekwisha kufa miaka mingi. Nampenda pia. Vyote viwili vimezeeka pamoja nami.

Saa za kula ndizo zilizoniuma zaidi. Mama alikuwa amengoja mume wa kula naye, na sasa alikuwa naye, hatua chache kutoka jikoni. Alipika alivyojua baba anavipenda tangu ujana, mbaazi za nazi, na msimu wake ulipofika, ming'oko ya kuchemsha aliyoitafuta kwa wanawake wanaoichimba porini. Akimwita, baba aliinua kidole kimoja kuonyesha kwamba habari zinaanza. Habari zikiisha yanaanza maelezo ya habari. Mama alifunika sahani, akaketi, akaifunua, akaifunika. Hakuwahi kuanza bila yeye. Nilimsikia siku moja akimwambia Bi Hadija, "Nilikosea, mwenzangu. Hawajanirudishia. Wameniazimisha koti lake." Bi Hadija hakucheka. Alimuuliza kwa nini asiende Nachingwea kumwomba Mbawala aje aseme na baba jambo hili, kwa maana sisi wengine wote tulikuwa tunamwita Mheshimiwa na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia ukweli. Mama alisema aliyefunga mlango ni baba, na yeye hawezi kuufungua kwa niaba yake.

Kabla ya msimu wa ufuta kuisha zikaja tetesi kwamba Rais atabadilisha tena Baraza. Baba akahamia Nachingwea karibu wiki nzima, kwa rafiki yake aliyekuwa na simu, ili asikose kupatikana. Ni wakati huo mama alianguka shambani. Tulimpeleka hospitali upande wa Mnero kwa baiskeli, mimi nikisukuma na kibarua wetu akimshikilia, na baba alitukuta huko kesho yake na redio yake ndogo kwapani. Manesi walikuwa wema. Mama alikuwa anapumua kwa kazi, lakini akili yake ilikuwa nzima. Akamtazama baba, akauliza, "Wametangaza?" Baba akasema wametangaza. "Umo?" Akasema, "Simo." Mama akatoa mkono chini ya shuka akamshika. "Pole, mume wangu," akasema, na akaanza kulia, mwanamke yule ambaye hakuwahi kuutaka uwaziri hata siku moja. Alimlilia jinsi wale wanawake wa mikeka walivyotaka kumlilia. Nilidhani baba angevunjika hapo. Alimpapasa mkono akamwambia, "Usijali. Watafanya mengine." Mama akageukia ukutani. Hakuishi wiki.

Tulimleta Ruangwa, na Wangoni wa Nachingwea walikuja kumzika. Mbawala aliongoza. Wote walikuwa wamevaa mashati safi, wamefunga vifungo mpaka shingoni. Walimpa baba mkono mmoja mmoja, "Pole sana, Mheshimiwa," wakaenda wakaketi mwisho wa mkeka wa wanaume, mikono juu ya magoti. Sisi wanawake ndani tulikuwa tunangoja. Tulingoja mtu aigize mwendo wa mama, mtu adai kwamba ametoroka na sufuria zao, mtu alale mlangoni aseme marehemu haendi mahali. Bi Hadija alichungulia dirishani mara ya tatu akasema, "Mbona wamekaa tu?" Kisha sauti za dua zikapanda, jeneza likainuliwa, na halikuzuiwa na mtu. Mpaka siku ile nilidhani utani wa msibani ni mchezo wa kupunguza majonzi. Kumbe ni wao wanaomshika marehemu kidogo, wanatukopea dakika za kuwa naye, wakijua sisi wenyewe hatuna nguvu za kuziomba. Mama alivuka uwanja wake, uwanja alioufagia maisha yake yote, kwa haraka kama mtu asiyejulikana. Nilitaka kukimbia kulizuia jeneza mwenyewe. Wanawake walinishika.

Nilimwona baba kutoka dirishani. Alikuwa amesimama akigeuza kichwa, anamtazama Mbawala, anatazama jeneza, anamtazama Mbawala. Nadhani alielewa pale pale. Siku zilizofuata redio haikuwashwa, na hakuna aliyemwambia aizime.

Baada ya arobaini ya mama aliniambia nivae, tunakwenda Nachingwea. Tulipanda basi. Tulishuka sokoni tukaenda moja kwa moja bucha, tukakuta wateja wamejipanga, baba akasimama nyuma yao. Walitaka kumpisha, akakataa. Zamu yetu ilipofika Mbawala hakubadilisha uso. "Karibu, Mheshimiwa. Nikukatie wapi?"

Baba akasema, "Mbawala, nitukane."

"Siwezi kumtukana waziri, Mheshimiwa."

"Waziri amekufa."

Mbawala aliweka kisu juu ya gogo. "Amekufa lini?"

"Siku ile mliyomleta kwenye kiti."

"Alizikwa na nani?"

"Hajazikwa. Nilikuwa naye ndani. Nimekaa naye ndani mwaka mzima, na nimemzika mke wangu bila mtani. Nisaidie."

Watu waliokuwa kwenye foleni hawakuondoka. Mbawala akajifuta mikono, akazunguka meza akatoka mbele, na mimi nilidhani anakwenda kumkumbatia. Hakumgusa. Alimgeukia mama mmoja mteja, akamwomba kanga yake ya pili, akajitanda kichwani, akaiuma pembe yake kwa meno ya upande, na mama yangu ndivyo alivyofanya alipokuwa amekasirika na hataki kuonyesha. Akashika kiuno. Akaegemea mlango wa bucha, mtu mzima yule mwenye ndevu, akaita kwa sauti ya mama yangu, ile sauti yake ya kuchoka na kubembeleza, "Baba Somoe. Hiyo redio imekupikia nini leo? Njoo tule."

Mtu mmoja alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Baba alikuwa ameketi chini, palepale palipomwagika maji ya kuoshea nyama, na kaunda suti yake. "Nakuja, Mama Somoe," akasema.

Mbawala akamwita tena, maana mama hakuwahi kuitikiwa mara ya kwanza. Baba akaitikia tena, na safari hii alisimama.